Siku mbili Lisbon na mama mwenye goti linalouma: zinatosha?

"Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, mwenyeji wa Kilwa. Kaka yangu anayeishi Ujerumani ametualika mimi na mama kwa wiki tatu mwezi Oktoba, na kama zawadi ametukatia tiketi ya kwenda Lisbon. Tutafika Jumamosi saa nane mchana na kuondoka Jumatatu saa moja jioni. Mama ana miaka 67. Goti linamsumbua, anatembea, lakini taratibu. Nimeambiwa Lisbon ni mji mdogo wa kuzunguka kwa miguu, kwamba tramu namba 28 inakuonyesha kila kitu, na kwamba nisikose Sintra. Nimeona chumba cha bei nafuu Alfama, ghorofa ya tatu. Mpango wangu ni Jumapili Sintra, Jumatatu asubuhi Belém. Naogopa siku mbili ni chache mno na mama ataishia kukaa chumbani. Je, viza yetu ya Ujerumani inatosha? Wezi je? Na kubwa zaidi: ningependa niwarudie wanafunzi wangu na kitu kinachohusu Pwani yetu na Wareno. Niangalie wapi?"

Mwalimu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Naanza na la haraka kwa sababu linaweza kukuharibia safari nzima: usiende Belém Jumatatu. Makumbusho na majengo mengi ya kihistoria yaliyo chini ya serikali ya Ureno hufungwa siku hiyo, na Monasteri ya Jerónimos ni mojawapo. Mngefika mkakuta lango limefungwa, mkabaki kupiga picha ukuta. Belém iwe Jumapili. Jumatatu tutaipatia kazi nyingine, na ni kazi nzuri, nitaifikia.

Sasa hofu yako yenyewe. Kwa kuumaliza mji, siku mbili hazitoshi, na hata wiki haitoshi. Kwa kuona mambo matatu manne na kuyaelewa, mama akiwa pembeni yako na bado ana nguvu za kucheka jioni, zinatosha kabisa. Ukizihesabu sawasawa una jioni ya Jumamosi, Jumapili nzima, na Jumatatu hadi alasiri. Tatizo la mpango wako si uchache wa siku. Ni vilima, ni ile Jumatatu, na ni Sintra.

Sintra iache, tena iache bila majuto. Treni kutoka stesheni ya Rossio inachukua kama dakika 40, ndiyo maana watu wanasema ni karibu. Wasichokuambia ni kwamba ukishuka kwenye treni, kasri la Pena liko juu ya mlima: kuna kusubiri basi, kuna foleni ya mlangoni, halafu kuna kupanda tena kwa miguu ndani ya bustani. Inakula siku nzima, na wewe una siku moja tu kamili. Ingekuwa mko peke yenu vijana kwa siku nne ningesema nendeni.

Waliokuambia mji ni mdogo hawakukudanganya. Kutoka uwanja wa Rossio hadi ukingo wa mto Tejo ni mwendo wa kama robo saa. Lakini ramani ya simu haikuonyeshi kimo. Katikati ya mji kuna bonde tambarare linaloitwa Baixa. Mashariki yake kinainuka kilima chenye ngome ya São Jorge, na Alfama imelala ubavuni mwa kilima hicho. Magharibi kuna Chiado na Bairro Alto, juu vilevile. Upande wa kusini, kando ya mto, ni tambarare tena hadi Belém, kama kilomita 6 kutoka katikati. Kwa hiyo mita 300 kwenye ramani zinaweza kuwa barabara iliyonyooka, au zikawa ngazi tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiielewa picha hii moja, bonde katikati, vilima viwili ubavuni, ukanda tambarare mtoni, umeielewa Lisbon ya mgeni wa siku mbili.

Hapa kuna ushauri mmoja utakaoukuta kila mahali nami naupinga kwa ajili ya mama: "panda kwa chombo, shuka kwa miguu." Kwa mtu anayeishiwa pumzi ni ushauri mzuri. Kwa goti lililochakaa ni kinyume chake. Mtu anaposhuka ngazi, mguu unaobaki nyuma unajikunja ukiwa umebeba uzito wa mwili mzima. Msuli wa mbele ya paja unalazimika kuuzuia mwili usitangulie kwa nguvu, na kule kuzuia ndiko kunakokandamiza pia ya goti kwenye mfupa wa paja. Ndiyo maana wazee wengi hukuambia ngazi za kupanda wanazimudu, ila za kushuka ndizo zinazowaua. Ongeza na njia zenyewe: Lisbon imetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vilivyopangwa kwa mkono, vizuri sana kwa macho, lakini nyayo za watu zimevilainisha na mvua ya Oktoba ikipita vinateleza. Kwa hiyo kwa mama, panda kwa chombo na ushuke kwa chombo. Viatu viwe na soli ya mpira iliyo laini, na kama ana mkongojo nyumbani anaouonea aibu, mwambie Lisbon hakuna atakayeutazama mara mbili.

Kwa sababu hiyohiyo, chumba cha Alfama ghorofa ya tatu kiache hata kama bei inakuvutia. Alfama ni mtaa mzuri na ni mtaa wa vichochoro na ngazi; teksi haifiki kwenye milango mingi, utaburuta masanduku na mama nyuma yako. Nyumba nyingi za zamani hazina lifti. Tena Ureno, kama kwetu, ghorofa ya kwanza huhesabiwa juu ya ile ya chini, kwa hiyo ghorofa ya tatu ni ngazi za mara tatu. Tafuta hoteli au nyumba ya wageni ndani ya Baixa, karibu na stesheni ya metro ya Rossio au Baixa-Chiado, na uandike kuuliza waziwazi: kuna lifti inayofika chumbani, au inaishia nusu ghorofa? Bei itapanda kidogo, lakini hicho ndicho kitu kimoja katika safari hii ambacho ningekishauri mkilipie zaidi. Mji hutoza pia kodi ya utalii ya euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, hivyo tengeni euro 16 kwa nyinyi wawili.

Mkishapata kitanda bondeni, vilima vinapandika bila jasho. Stesheni ya Baixa-Chiado ina mlango mmoja chini Baixa na mwingine juu kabisa Chiado, na kati yake kuna ngazi za umeme ndefu. Wenyeji wanazitumia kila siku kama njia ya kupandia kilima. Kwa upande wa ngome, kuna lifti ya bure ndani ya jengo la Rua dos Fanqueiros inayowatoa Rua da Madalena. Mnavuka uwanja mdogo, kisha kuna lifti ya pili inayowapandisha hadi karibu na ngome. Basi dogo namba 737 linatoka Praça da Figueira hadi mlangoni mwa ngome. Na kuna Bolt, ileile ya kwenye simu yako. Kwa watu wawili, safari fupi ya Bolt jioni mkiwa mmechoka si anasa. Iwekeni kwenye bajeti tangu sasa.

Yale magari ya reli yanayovutwa kwa kamba kupanda vilima, utayaona kwenye picha zote. Tarehe 3 Septemba 2025 gari la Glória liliacha reli na watu 16 wakafariki, na mengine ya aina hiyo yakasimamishwa yakaguliwe. Usipange safari yako kwa kuyategemea.

Tramu 28 nayo. Si kweli kwamba inakuonyesha kila kitu, lakini kweli inapita mahali pazuri. Inatumia mabehewa madogo ya zamani kwa sababu kona na miteremko ya njia yake haiwezi kupitisha tramu mpya ndefu. Behewa likiwa dogo, viti ni vichache, na wageni ni wengi, matokeo yake ni watu kusimama wamebanana huku gari likiyumba kwenye kona. Kipandio chake kiko juu. Kwa goti la mama hayo ni mateso, na kwa mwizi wa mfukoni ni sikukuu. Kama mama ana hamu nayo kweli, amkeni mapema Jumatatu, mpande Bolt hadi mwisho wa njia kule Prazeres, mtaa wa Campo de Ourique, mpande hapo kabla watu hawajaamka. Mtapata viti na dirisha. La sivyo ipigeni picha ikipita, inatosha.

Sasa mpangilio wenyewe. Jumamosi, kati ya uwanja wa ndege na kuweka mizigo itakuwa imefika saa kumi au kumi na moja. Metro inaanzia uwanjani, njia nyekundu hadi Alameda, kisha ya kijani hadi Rossio au Baixa-Chiado. Kila mtu lazima awe na kadi yake mwenyewe, hamwezi kugusisha kadi moja mara mbili. Mkiwa na masanduku, pandeni Bolt. Jioni hiyo mbaki bondeni tu. Mteremke taratibu Rua Augusta, mpite chini ya tao, mtokee Praça do Comércio, uwanja mkubwa uliofunguka mtoni. Katikati ya Oktoba jua huzama karibu saa moja jioni na hapo ndipo pa kulitazamia.

Lakini wewe, Mwalimu, hapo usitazame jua peke yake. Umesimama juu ya kaburi la ushahidi. Uwanja huo wenyeji bado wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa kasri, kwa sababu ndipo lilipokuwa kasri la mfalme, na pamoja nalo ofisi ya Casa da Índia iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi: pilipili, dhahabu, pembe, mahesabu ya merikebu. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko likaupiga mji, mawimbi ya bahari yakafuata, kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Kasri likaondoka, na kumbukumbu za Casa da Índia zikaondoka nalo. Ukifundisha historia ya Kilwa na ukajiuliza kwa nini hesabu za Wareno zina mapengo, sehemu ya jibu iko chini ya nyayo zako hapo. Kilichookoka ni hazina ya nyaraka ya Torre do Tombo, ambayo msimamizi wake wakati ule, mhandisi Manuel da Maia, aliipigania isiteketee. Mitaa iliyonyooka mliyoteremkia nayo ni matunda ya tetemeko: waziri Pombal aliamuru Baixa ijengwe upya kwa mistari, na ndani ya kuta za nyumba zile kuna fremu za mbao zilizofungwa kwa mishazari ili jengo liyumbe bila kuvunjika.

Jumapili ndiyo siku yako. Mnaanza saa nne asubuhi kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Rua das Janelas Verdes. Wageni wengi wa siku mbili wanaipita wakikimbilia Belém. Panda basi linalopita Janelas Verdes penyewe, kwa mfano 714, wala si tramu 15 inayopita chini barabara ya mtoni, maana kutoka kituo cha tramu kuna ngazi ndefu za kupanda hadi mlangoni.

Mle ndani, uliza *Custódia de Belém*. Ni chombo cha ibada cha Kikatoliki cha kuonyeshea mkate mtakatifu, kirefu sentimeta 73, cha dhahabu na enameli. Mitume 12 wamepiga magoti kuuzunguka mkate, kila mmoja na sura yake na joho lake. Juu yao unaning'inia njiwa mweupe mdogo mno. Kitako kimejaa ndege na maua yaliyotiwa rangi. Zungukia kitako hicho polepole, usome herufi zilizopangwa ukingoni, hadi utakapokuta jina QILVA. Maandishi yanasema kwamba mfalme Manuel aliamuru kifaa hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika mwaka 1506.

Kisa chake unakijua kuliko mimi. Julai 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtishia Amir Ibrahim kwamba asipokubali kulipa kodi mji utapigwa. Dhahabu ikatolewa, ikafika Lisbon 1503. Mfua dhahabu Gil Vicente akaifanyia kazi, na wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama ndiye yuleyule mtunzi mashuhuri wa tamthilia. Mwaka 1505, kabla chombo hakijamalizika, Francisco de Almeida alikuwa ameshauteka mji wenyewe, na mwaka huohuo akaichoma Mombasa. Walijenga ngome Kilwa, na 1512 wakaiacha. Wanafunzi wako wanaijua ngome, wanayajua magofu ya Songo Mnara. Dhahabu hawajaiona, na iko hapo nyuma ya kioo, mali iliyosafiri kutoka machimbo ya bara, kule Zimbabwe, hadi Sofala, kutoka Sofala hadi Kilwa, na kutoka Kilwa hadi mikononi mwa mfua dhahabu wa Lisbon. Uliza mlinzi kama picha inaruhusiwa bila mwanga, na upige kitako kwa karibu, siyo chombo kizima peke yake; picha za chombo kizima zipo kila mahali, ila yenye jina la mji wenu darasani itafanya kazi kubwa zaidi. Swali la kuwapa: kabla haijawa ya Kilwa, dhahabu hii ilikuwa ya nani?

Humohumo kuna skrini za kukunja za Kijapani, zilizochorwa na Wajapani wenyewe, zikionyesha merikebu za Wareno zikiwasili. Angalia mabaharia na watumishi: Waafrika wamo. Mama akichoka, kuna bustani yenye mkahawa inayoutazama mto. Akae hapo na chai yake wakati wewe unarudi kwenye dhahabu mara ya pili. Na ujue kwamba mitaa iliyo jirani na makumbusho, inayoitwa leo Madragoa, katika karne ya 16 iliitwa Mocambo na ilikuwa makazi ya Waafrika, watumwa na walioachwa huru. Si mbali kuna mtaa wa Rua do Poço dos Negros, penye kumbukumbu ya shimo ambalo mfalme Manuel aliagiza mwaka 1515 lichimbwe la kutupia maiti za watumwa. Ni mfalme yuleyule wa kile chombo. Huhitaji kwenda hadi mtaani. Inatosha ujue uko karibu nao.

Neno la tahadhari hapa: miaka hii majengo mengi ya taifa Ureno yamekuwa yakifungwa kwa zamu kwa ajili ya ukarabati. Mnara wa Belém, kwa mfano, ulifungwa mwaka 2025. Wiki moja kabla ya safari fungua ukurasa rasmi wa makumbusho, si tovuti ya wauza tiketi, uone kama ukumbi wa vito na dhahabu uko wazi. Ukikuta umefungwa, nendeni moja kwa moja Belém na asubuhi ya Jumapili mlale kidogo.

Baada ya chakula cha mchana, Belém. Nasema mchana kwa makusudi, kwa sababu Jumapili asubuhi kanisa la Jerónimos lina misa na wageni huzuiwa. Kanisa lina mlango wake na ua wa ndani wa monasteri una tiketi yake. Ua ni mzuri sana, lakini foleni ikiwa ndefu juani, kanisa pekee litakupa ulichofuata. Ukiingia tu, kushoto kwako chini ya roshani, ni kaburi la Vasco da Gama, limechongwa merikebu ubavuni. Kulia ni la mshairi Camões. Gama alifia Cochin, India, mkesha wa Krismasi 1524. Mifupa yake ilirudishwa Ureno baadaye na ililetwa hapa 1880. Ukitoka nje utazame lango la kusini, jinsi jiwe lilivyochongwa sanamu na mapambo tele. Sehemu ya gharama za jengo hili ilitoka kwenye ushuru wa takriban asilimia 5 wa biashara ya Afrika na Mashariki. Ukisoma Custódia asubuhi na lango hili mchana, umefundisha kipindi kizima.

Kisha mama apate keki za mayai, zile zinazopikwa hapohapo Belém tangu 1837. Foleni ya nje ni ya kuchukua na kuondoka. Ndani kuna vyumba vingi vya kukaa, ulizeni.

Jumatatu, kinyume na majengo mengi, magofu ya Carmo yako wazi. Yenyewe hufungwa Jumapili. Pandeni kwa ngazi za umeme za Baixa-Chiado, mtoke Chiado, mtembee kidogo hadi uwanja wa Largo do Carmo. Kanisa lile liliporomoka paa kwenye tetemeko la 1755 na halikuezekwa tena, matao yanasimama chini ya anga tupu. Mama ataona kwa dakika moja kile ambacho mimi nimehangaika kukielezea kwa aya nzima.

Uwanja wa mbele yake ndio kitu changu cha pili kwa wanafunzi wako. Tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu Marcello Caetano alijificha katika kambi ya polisi ya GNR iliyo pembeni ya magofu. Kapteni kijana, Salgueiro Maia, akaizingira kwa magari ya deraya, watu wamejaa uwanjani na juu ya miti, na jioni utawala wa kidikteta wa karibu nusu karne ukasalimu amri. Wanajeshi wale walichoshwa na vita vya Afrika: Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Na vita vya Msumbiji vilipangwa wapi? FRELIMO iliundwa Dar es Salaam 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, katika mkoa wako mwenyewe wa Lindi. Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975. Kwa hiyo unaweza kuwasimulia wanafunzi safari ya miaka karibu 470 kwa picha mbili tu ulizopiga wewe, moja ya kitako cha dhahabu na nyingine ya uwanja wenye miti na chemchemi, na zote mbili zina mkono wa Lindi ndani yake. Hilo ningelipa uzito kuliko mnara wowote.

Mkishuka, rudini kwa ngazi zilezile za umeme, mpite kanisa la São Domingos karibu na Rossio. Liliungua 1959 na nguzo zake bado zina majeraha ya moto. Nje, kwenye uwanja mdogo, hukaa Waafrika, wengi wao wa Guinea-Bissau, wakiuza na kuzungumza, na kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa mjini humo Aprili 1506. Mama akikaa pale kwenye benchi hatajisikia mgeni.

Maswali yako mengine nayajibu kwa kifupi. Viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya aina C iliyotolewa na Ujerumani ni halali Ureno, mradi Ujerumani ndiko mnakokaa siku nyingi zaidi, na kwenu ni hivyo. Hamtoki nje ya eneo la Schengen, kwa hiyo hata viza ya kuingia mara moja haiharibiki. Wekeni tiketi za Lisbon kwenye maombi ya viza, msizifiche. Safari iliyoelezwa wazi haitii shaka. Bima ya safari lazima iwe ya angalau euro 30,000 na ifunike nchi zote za Schengen, siyo Ujerumani peke yake. Mtakapokuwa mnaingia Ulaya mara ya kwanza mtapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole chini ya mfumo ulioanza Oktoba 2025, basi msipange ndege ya kuunganisha yenye dakika chache. Swali lolote la viza lisilo la kawaida, pelekeni ubalozini, msimalizane na wakala wa mtandaoni.

Wezi wapo, na ni wa mfukoni. Ujambazi wa kumshikia mtu silaha ni nadra katika maeneo mtakayopita. Wanafanya kazi pale watu wanapobanana: mlango wa tramu, ngazi za metro, foleni. Mkoba uwe kifuani, pasi ya kusafiria ndani ya nguo. Ikitokea, nendeni kituo cha polisi wa utalii kwenye uwanja wa Restauradores, mchukue taarifa iliyoandikwa. Bila karatasi hiyo bima na ubalozi watawazungusha.

Chakula: samaki ni wengi na ni wazuri. Chungeni maneno *porco* na *banha*, nguruwe na mafuta yake, maana hata supu ya mboga ya caldo verde huwekewa kipande cha soseji, na baadhi ya vitamutamu hukandwa kwa banha. Mtaa wa Rua do Benformoso, nyuma ya uwanja wa Martim Moniz, una mikahawa mingi ya halali. Na mkikaa mezani mkaletewa mikate, zeituni na jibini msivyoagiza, si zawadi. Mkivila mnalipa, mkisema hapana vinaondolewa bila ugomvi.

Nimeacha goti mwisho kwa sababu hapo barua yangu haitoshi. Apime kabla ya safari, kwa daktari anayeligusa. Ukiona limevimba na lina joto, linakwama katikati ya kukunja, au linamwachia ghafla akiwa amesimama, hayo si ya kusafiri nayo kwa kubahatisha. Mwambie daktari pia kuhusu ndege ndefu ya kutoka Dar, na dawa nyingine anazotumia, hasa za presha, maana baadhi ya dawa za maumivu zinagongana nazo. Ndani ya ndege akae kiti cha njiani, asimame na kutembea kila baada ya muda. Baada ya kutua, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au akipata kichomi cha kifua na kubanwa pumzi, msisubiri kesho: Ulaya nzima namba ya dharura ni 112.

Na wewe piga simu shirika la ndege, angalau saa 48 kabla ya kila safari, uombe kiti cha magurudumu na msaidizi kwa ajili ya mama. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya huduma hiyo ni bure, na viwanja vile ni virefu. Jumatatu muwe mmetoka hotelini kufikia saa tisa na nusu alasiri. Dawa zake, karatasi ya daktari na ya bima ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku.